Uzuieni Mkono, Wajukuu

Wajukuu zangu wa Tukuyu mjini, wa Katumba, wa Kiwira, na ninyi mliopanga vyumba kule Ushirika, nitegeeni sikio. Naona jinsi mnavyopamba sebule siku hizi. Palipokuwa na kabati la vyombo sasa pana tangi la kioo, ndani yake mchanga, mawe, majani mabichi yanayoyumba majini, na samaki wawili watatu wa mapambo. Sina neno baya juu ya jambo hilo. Wilaya yetu ina mvua kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na mara nyingi tumeyajua maji kwa ndoo, kwa matope na kwa daraja lililosombwa. Kijana anayekaa chini akayatazama maji kwa utulivu, akajua jani linapumuaje na samaki anakula nini, ananipa matumaini.

Ila nina onyo, nalo ni juu ya mkono. Mkono wa kijana ni mwepesi. Leo unapanda, kesho unang'oa uone kama mzizi umeshika. Asubuhi unatia mbolea, jioni unamwaga maji kwa sababu jani moja limegeuka manjano. Ukiona mwani unanunua dawa. Dawa ikiua konokono unanunua nyingine. Na siku mtu akichoka, mkono huo huo unabeba ndoo mpaka kijito cha nyuma ya nyumba na kumwaga kila kitu, samaki pamoja na majani yake. Nitasema mengi hapa, lakini yote yanatoka kwenye hilo moja. Jifunzeni kuuzuia mkono, ndani ya tangi na nje yake.

Tuanze na siku za mwanzo, maana ndipo wengi wanapozika samaki. Maji ya tangi jipya yanang'aa, lakini hayajawa tayari kumlea kiumbe. Kinyesi cha samaki na chembe za chakula zinazooza hutoa amonia, nayo humuunguza samaki kwenye matamvua anayopumulia. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila na samaki huivumilia isipozidi. Bakteria hao hawaji na kioo kutoka kwa fundi. Hukaa kwenye mchanga, juu ya mawe na ndani ya sponji ya kichujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai huchukua zaidi. Wiki hizo pandeni mimea kwa wingi, washeni pampu, tieni chembe ya chakula kana kwamba samaki yupo, kisha ngojeni. Aliyetia samaki kumi siku ya tatu, akawakuta alfajiri wamepanda juu wakihema midomo wazi, asiulize anunue dawa gani. Abadilishe nusu ya maji, asiwape chakula siku hiyo, na baadhi yao awapeleke kwa mwenzake mwenye tangi lililokomaa.

Na sponji ya kichujio msiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini mpaka ing'ae. Isukutueni kidogo ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo, ibaki na rangi yake ya udongo. Uchafu ule ndimo wanamoishi walezi wa tangi.

Subira hii si fikra ya mzee wa Rungwe peke yake. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wenzake namna alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu ndani ya chombo cha maji pamoja na mmea uitwao Vallisneria. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani yaliyozeeka yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utelezi ukatanda juu ya kioo. Hakukimbilia kumwaga. Alijiuliza ni nani anayekula majani yaliyokufa katika madimbwi ya kawaida, akaleta konokono wa majini. Konokono wakaula ule uozo, mayai yao yakawa chakula cha samaki, maji yakatakata. Vallisneria wa ukoo huo huo, mwenye majani marefu membamba, anajiotea mwenyewe kwenye mchanga wa ghuba za Ziwa Nyasa. Mmea uliowafundisha watu wa London kulea samaki ndani ya nyumba una ndugu zake hapa chini yetu, kwa jirani zetu wa Kyela.

Sasa maji yetu. Maji ya Tukuyu ni ya mvua na ya vijito vinavyoshuka milimani kupitia miamba ya volkano. Ni maji laini, yenye chokaa kidogo. Mimea mingi huyapenda. Tatizo ni kwamba maji ya namna hii hayana kinga dhidi ya uchachu: kitu kidogo kikioza, au hewa ya ukaa ikizidi, uchachu hupanda ghafla na samaki huumia. Gapi na moli mnaowanunua kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam wamezoea maji magumu zaidi, ndiyo maana wengine hukunja mapezi na kudhoofika wakifika huku, nanyi mkadhani mmeuziwa samaki wagonjwa. Kipande cha jiwe la chokaa, kama lile linalochimbwa Songwe kwa ajili ya saruji, chenye ukubwa wa ngumi, kikikaa ndani ya tangi kitayaongezea maji ugumu taratibu. Hata maganda ya mayai yaliyooshwa, yakapondwa na kufungwa kwenye kitambaa karibu na kichujio, yanasaidia. Msitie magadi. Magadi yanabadilisha maji kwa dakika chache, na samaki hafi kwa sababu maji ni laini au magumu kiasi hicho, hufa kwa sababu yamebadilika kabla mwili wake haujazoea. Wala msichote maji ya chemchemi za moto za Kilambo kwa kuambiwa kwamba yana madini. Madini hayo ni mengi mno na ya aina nyingine.

Wiki za mwanzo mtaona utando wa kahawia kwenye kioo na juu ya mawe. Msitishike. Ni vijimea vidogo sana vinavyojengwa kwa silika, na maji yaliyopita kwenye miamba ya volkano hubeba silika. Utando huo hufutika kwa kidole, na mara nyingi huondoka wenyewe tangi likikomaa. Mwani wa kijani ni habari nyingine, huo huletwa na mwanga mwingi kuliko mimea inavyoweza kuutumia. Nimeingia nyumba ambamo taa ya tangi inawaka tangu alfajiri mpaka mwenye nyumba anapolala, halafu ananiuliza kwa nini majani yameota ndevu. Saa sita hadi nane kwa siku zinatosha. Msiliweke tangi mbele ya dirisha la mashariki, na msifidie siku ya ukungu kwa kuongeza saa za taa. Ukungu wa Tukuyu hauingii ndani ya tangi lenye taa yake.

Baridi ndiyo inayotutofautisha na watu wa Dar es Salaam na hata na jirani zetu wa Kyela. Sisi tuko kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa katikati ya mwaka maji ya tangi dogo hupoa upesi. Samaki wengi wa mapambo wanataka nyuzi 24 hadi 26. Hita inahitaji wastani wa wati moja kwa kila lita ya maji, na hiyo ni luku inayokwenda usiku kucha, basi pimeni mfuko kabla ya kupima tangi. Ukuta wa ndani ni bora kuliko ukuta wa nje. Blanketi kuukuu au ubao wa povu nyuma na pembeni mwa kioo huokoa umeme mwingi. Wapo pia samaki wanaostahimili maji ya baridi kidogo, danio kwa mfano, na mwenye busara huchagua samaki wa hali ya hewa yake badala ya kupigana nayo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, chukueni kikombe, choteni maji na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara ili hewa iingie. Kichujio cha kopo lililofungwa, kikizimika kwa saa nyingi, kisiwashwe tena kabla ya kufunguliwa na kusukutuliwa, kwa sababu maji yaliyolala humo bila hewa huwa yameoza. Haya yote huwa mepesi tangi likiwa na samaki wachache. Tangi lililojaa samaki halivumilii hata usiku mmoja wa giza.

Nije kwenye udongo na mbolea, maana hapa ninyi watoto wa wakulima mna elimu ambayo mtu wa mjini hanayo, lakini pia mna kishawishi ambacho yeye hana. Nyuma ya mlango kuna mfuko wa NPK wa chai, ile ya 25:5:5, na kuna urea. Kijana anaona jani la tangini limefifia, anachota kijiko. Acheni kabisa! Urea ikiingia majini hugeuka amonia, na nimeshaeleza amonia inamfanya nini samaki. Mbolea ya shamba imepimwa kwa ekari, kwa mvua na kwa kina cha udongo, na tangi la lita 60 halina lolote kati ya hayo.

Udongo wetu mweusi wa volkano unaweza kulisha mimea ya majini kwa muda mrefu, ukiwekwa tabaka jembamba chini na kufunikwa kwa mchanga uliooshwa. Mwanabiolojia wa Marekani Diana Walstad alieleza njia ya kulea mimea kwa udongo wa kawaida, bila mitambo mingi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999, na wengi duniani wameifuata. Lakini uchukueni mahali pasipo samadi mbichi wala dawa ya magugu. Si kwenye shimo la mgomba, si kando ya shamba la chai. Upepeteni mtoe mizizi, ulowekeni, mwageni maji yake, rudieni. Jueni pia kwamba udongo wa volkano hushikilia fosfeti kwa nguvu, kwa hiyo mimea yenye mizizi mifupi huweza kukosa kirutubisho kilichopo chini yake. Vijiwe vyepesi vya volkano vinavyookotwa huku kwetu ni vizuri kwa mizizi, ila vikiwa vikavu huelea. Vilowekeni mpaka vizame, msije mkaamka na kukuta bustani nzima imepanda juu.

Kisha jifunzeni kusoma jani kabla ya kugusa chupa ya mbolea. Mkemia Mjerumani wa karne ya 19, Justus von Liebig, aliieneza kanuni ambayo mkulima yeyote wa Rungwe anaijua hata asipojua jina lake: mmea hukua kwa kadiri ya kirutubisho kilicho haba zaidi, na kuongeza vile vilivyokwisha kutosha hakusaidii. Anzeni na jani la zamani, lile la chini. Likiwa la manjano lote, naitrojeni imepungua. Likiwa limebaki na kijani lakini limetoboka vitundu vidogo, na kingo zimeungua, hiyo ni potasiamu. Ni njaa ile ile inayounguza kingo za majani makuukuu ya mgomba. Sasa tazameni jani changa la juu. Likichipuka jeupe au la njano hafifu na mishipa yake ikabaki ya kijani, madini ya chuma hayatoshi. Mkishajua, ongezeni kitu kimoja, kidogo, kisha ngojeni wiki mbili. Jani lililotoboka halitazibika. Kitakachowajibu ni jani linalofuata, na jani hilo halioti kwa usiku mmoja. Anayeongeza vitu vitatu kwa mara moja, hata mmea ukipona, hatajua kilichouponya.

Kuna jambo jingine linalowatoa vijana machozi bure. Mmea mpya ukifika kutoka dukani hupukutisha majani. Mingi ililelewa kitaluni majani yakiwa hewani na mizizi tu ikiwa majini, kwa hiyo majani hayo hayawezi kazi ya chini ya maji. Mmea huyaacha yafe ukaotesha mengine. Kateni yaliyooza, shina na mzizi msiviguse. Nimewaona wenye mkono mwepesi waking'oa na kutupa siku ile ile ambayo kichipukizi kilikuwa kimeanza kutoka kwenye kisiki.

Mkitaka kujua kama tangi lina afya, vifaa vya kupimia maji vinasaidia, na mwenye uwezo anunue. Lakini saa tisa alasiri, kama taa iliwaka tangu saa nne asubuhi, chuchumaeni usawa wa kioo mtazame upande wa chini wa majani. Mtaona vipovu vidogo mno vimeganda, kimoja kinakua, kinang'oka, kinapanda juu, na kingine kinaanza mahali pale pale. Hiyo ni oksijeni, mmea unaitoa kwa wingi kuliko maji yanavyoweza kuipokea. Tangi lenye vipovu hivyo, lenye majani machanga ya kijani na samaki wanaotawanyika badala ya kukusanyika juu, halihitaji chochote kutoka kwenu siku hiyo isipokuwa chakula kidogo. Mara moja kwa wiki badilisheni robo hadi theluthi ya maji, kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo usiku kucha ndani ya nyumba ili klorini itoke na baridi ipungue. Mahali ambapo maji ya bomba yametiwa dawa nzito, tumieni dawa ya kuiondoa. Kisha ondokeni hapo.

Sasa hewa ya ukaa. Mmewaona vijana wa nchi nyingine wakionyesha bustani za majini zenye mazulia ya kijani, za mtindo aliouanzisha Mjapani Takashi Amano, na mnajua kwamba wanapuliza hewa ya ukaa ndani ya maji ili mimea ikue kwa kasi. Mnataka na ninyi. Basi mjue kwamba mnaishi juu ya hewa hiyo. Katika eneo la Mlima Kyejo na bonde la Mbaka hutoka ardhini yenyewe, na kule Ikama kampuni ya TOL Gases huivuna na kuijaza kwenye mitungi kwa ajili ya viwanda, vikiwemo vya soda na bia. Wazee wenu walijua pia upande wake wa pili. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala kwenye mabonde na mashimo, na mnyama anayeinamisha kichwa humo hainuki. Mtungi unaovuja ndani ya chumba cha kulala kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ni hatari ya namna hiyo hiyo. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Kijana anayepanga chumba kimoja, kitanda hapa na tangi pale, asilaze mtungi wa hewa ya ukaa humo.

Wengine hutumia chupa ya sukari na hamira. Chupa hiyo haiwezi kuzimwa usiku, na usiku mimea haiitumii hewa ya ukaa, bali nayo huitoa. Kwa maji yetu laini, uchachu hupanda mpaka alfajiri, na samaki wa kwanza kufa ni yule mdogo. Ushauri wangu ni kuanza bila hewa ya kuongeza. Pandeni mimea ya polepole: Anubias aliyefungwa juu ya jiwe, kangaga za majini, Cryptocoryne, Vallisneria. Atakayekaa na tangi la namna hiyo mwaka mzima bila kulivuruga ndiye aje tuzungumze habari za mitungi.

Mambo ya usalama nitayasema upesi, maana hayana mjadala. Lita 100 za maji ni kilo 100 kabla hujaweka mawe na kioo, na ardhi yetu hutetemeka mara kwa mara. Meza iwe imara na imenyooka. Chomoeni hita na taa kwenye umeme kabla ya kuingiza mkono majini, na waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda ili tone lisiifikie. Msivute maji kwa mdomo kupitia mpira. Na msitoe konokono wala majani kwenye madimbwi ya huku bondeni na kuyatia tangini, kwa sababu baadhi ya konokono hao hubeba kichocho, nanyi mtakuwa mnaingiza mikono humo kila wiki.

Hapo ndipo ninapofika kwenye yale yanayonikosesha usingizi. Wapo vijana wanaoshuka Matema wakapanda na mbuna, samaki wa Ziwa Nyasa, ndani ya ndoo. Mbuna ni mzuri, sibishi. Lakini ziwa lake liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, maji yake ni ya joto na yana madini kuliko yetu, na kazi yake tangu kuumbwa ni kukwangua mwani kwenye mawe na kufukua mchanga. Katika bustani yenu ya majini atang'oa kila kitu, huku mwenyewe akidhoofika kwa maji laini na baridi. Anayetaka samaki wa ziwani aende kwanza kwa afisa uvuvi wa wilaya, aulize sheria inaruhusu nini.

Zaidi ya hao, waacheni samaki wa maziwa yetu ya kasoko. Ziwa Masoko, lililo bondeni kusini mwa Tukuyu, lina upana wa mita 700 hivi na kina cha mita 37 au zaidi kidogo. Wageni huulizia fedha ambazo inasemekana Wajerumani walizitupa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mimi huwaambia habari za samaki. Humo anaishi samaki mdogo wa ukoo mmoja na perege, jina lake la kitaalamu Astatotilapia calliptera. Wanasayansi wa Uingereza wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walimchunguza, na mwaka 2015 wakachapisha katika jarida la Science kwamba amegawanyika makundi mawili. Madume wa pembezoni, kwenye maji mafupi yenye mwanga, ni wa manjano. Wa kilindini, kwenye giza, ni wa buluu iliyokolea. Utengano huo umetokea ndani ya miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Dunia nzima inasoma kwenye dimbwi letu namna aina moja ya kiumbe inavyoelekea kuwa mbili, na hilo limewezekana kwa sababu maji yale yamekaa peke yake. Huku huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa kuna pia kasoko ya Kiungululu, yenye perege wake, Oreochromis chungruruensis, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, naye amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ndoo moja ya samaki wa kigeni, waliotiwa na kijana mwenye huruma asiyetaka kuwaua, inatosha kuharibu ziwa la ukubwa huo.

Huruma hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko ukatili. Furu wa Ziwa Victoria walikuwa mamia ya aina. Sangara alianza kutiwa ziwani humo miaka ya 1950 na watu waliodhani wanafanya jema, na baada ya miongo mitatu aina nyingi za furu zilikuwa hazionekani tena. Magugu maji, yenye ua zuri la zambarau, yalitoka Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani na watu waliopenda kupamba mabwawa yao; katika miaka ya 1990 yaliziba ghuba na gati kuanzia Kisumu hadi Mwanza. Kangaga dogo linaloelea, Salvinia molesta, nalo la Amerika ya Kusini, lilitanda juu ya Ziwa Kariba baada ya bwawa kufungwa mwaka 1958, na ndani ya miaka minne lilikuwa limefunika zaidi ya sehemu moja ya tano ya maji. Mmea huo hauhitaji mbegu. Kipande chenye kifundo kimoja kinatosha, kipande kinachoweza kunasa kwenye kidole chenu mkisuuza ndoo.

Na mfereji wa Tukuyu hauishii Tukuyu. Kijito cha nyuma ya nyumba huingia mto Kiwira, au Mbaka, au Lufilyo, na mito hiyo yote hushuka Ziwa Nyasa, lenye aina za samaki ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa kati ya 800 na 1,000 za jamii ya mbuna na perege peke yake. Kutoka humo maji hutoka kwa mto Shire mpaka Zambezi. Wavuvi wa Kyela, wa Nyasa na wa Malawi wanakula kutokana na maji yaliyopita kwanza kwenu.

Kwa hiyo maji mnayoyapunguza tangini kila wiki yapelekeni kwenye migomba au kwenye mboga, mbali na mfereji. Yana nitrati, na mgomba utayashukuru. Majani mliyokata yaanikeni juu ya saruji mpaka yavunjike vidoleni, ndipo yaingie kwenye mboji. Machi na Aprili, jua likiwa halipo, yamwagieni maji ya moto kwanza, na konokono vivyo hivyo. Wavu na ndoo ya tangi visisuuzwe mtoni. Samaki aliyekufa afukiwe. Aliye hai, msiyemtaka tena, mpeni mwenzenu, au mwalimu wa baiolojia mwenye mahali pa kumweka, au mrudishieni aliyewauzia. Na ninyi mnaokwenda chuo Mbeya au Dar es Salaam, tafuteni wa kumwachia tangi mwezi mzima kabla ya safari, msingoje asubuhi ya basi. Mkimkosa kabisa, leteni kwangu, samaki wakiwa kwenye ndoo yenye kifuniko na majani yao ndani ya mfuko uliofungwa.